Damu Haifuliwi kwa Maji ya Moto

Kwa miaka sita Dobi alifua matope ya njia ile bila kuijua. Nyumba ya wageni aliyofanyia kazi ilikuwa chini ya mlima, pale njia ndefu inapoanzia, na watu waliotembea siku kumi na nne toka mwisho wake wa pili, shanta mgongoni, walishuka wakamtupia soksi zilizokauka hadi kusimama zenyewe. Tope jekundu lilikuwa la siku mbili za mwanzo. Jeusi lilikuwa la bondeni. Lile la kijivu, linalong'ang'ania kwenye pindo kama kupe, lilikuwa la juu kabisa, ambako walisema mawingu hupita chini ya miguu. Mwaka wa saba akaomba likizo, akachukua shanta lililoachwa na mgeni asiyerudi, akaenda kuliona tope kwao.

Wifi yake alicheka mpaka akakaa chini. Alisema mtu anayeshindwa kuomba chumvi mezani ataombaje njia. Hakusema uongo. Dobi alikuwa akiulizwa jambo anatazama mikono yake kwanza, kana kwamba jibu limeandikwa viganjani, na akilipata watu wameshahamia kwenye mazungumzo mengine.

Na njia ile ilitaka watu wenye midomo. Kulikuwa na desturi. Ukikutana na mtu, kabla hata ya kumuuliza anaitwaje, unampa habari: maji yako wapi, daraja gani limeoza, na nani ametangulia mbele na hali yake ikoje. Anayetoka nyuma huelezwa habari za aliye mbele ili akimkuta amekwama amsaidie. Wengi walipona kwa desturi hiyo, waliovunjika miguu na walioishiwa maji. Kwa Dobi ilikuwa adhabu. Alitoa habari zake kwa vipande, kama mtu anayetema mifupa ya samaki, kisha akashuka pembeni kuwapisha watu.

Siku ya nne alimpata Mkunga. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mstaafu, mwenye fimbo mbili na goti la kushoto lililovimba kama boga. Alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili. Alimwita mwanangu tangu dakika ya kwanza, akamgawia nusu ya ndizi, akamweleza kwamba amezalisha watoto wa mji mzima na sasa anataka kutembea mahali ambapo hakuna anayemwita usiku. Wakapangana bila kupangana. Mkunga aliondoka alfajiri kwenye kibanda cha kulala watembeaji kwa sababu ya goti lake. Dobi alibaki akifagia, akiosha vyombo, akikunja mablanketi, kisha akamfuata na kumkuta kabla ya jua la utosi. Mkunga alimsikia akija, akasema bila kugeuka, "Hatua za mwanangu hizo, nyepesi kama deni la tajiri." Dobi alicheka kimoyomoyo nusu saa nzima.

Asubuhi ya siku ya tisa walikuwa kwenye kibanda cha saba. Mkunga alikuwa ameondoka. Nje, mafundi sita wa kukarabati njia walikuwa wakinywa chai, mitaimbo na mapanga yao yamelala kwenye nyasi, wakijiandaa kushuka kwenye daraja bovu, mwendo wa saa moja kwa njia ya pembeni. Ndipo wakatokea wanaume wawili kutoka chini.

Mmoja alikuwa na kipara na shingo nene. Wa pili alikuwa kijana msafi, nywele zimechanwa, meno yote yapo, na aliwasalimia mafundi mmoja mmoja kwa heshima, shikamoo kwa mkubwa wao, habari za kazi kwa wadogo. Alikaa kwenye benchi karibu na Dobi. Dobi, kama ilivyo kawaida ya mtu wa kazi yake, hakumtazama usoni. Alitazama nguo. Mikono ya shati la kijana ilikuwa na madoa ya kahawia, madogo madogo, yaliyofuliwa yakagoma.

"Hiyo umeifua kwa maji ya moto," alisema, na sauti yake ikamshtua mwenyewe. "Damu haifuliwi kwa maji ya moto. Inaiva, inashika. Ungeloweka maji baridi na chumvi, ndiyo uende sabuni."

Kijana akatazama mkono wa shati, akamtazama yeye, akatabasamu polepole. "Pua, dada. Hewa ya huku kali, inafunguka yenyewe. Kumbe nimempata mtaalamu."

Hakuna aliyewahi kumwita mtaalamu. Kijana akamuuliza juu ya madoa ya mafuta, juu ya kutu, juu ya jasho la kwapani, na kila alipojibu aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Mtu mwenye haya akifunguliwa mlango mmoja hujimwaga mzima. Kijana alipouliza nani ametangulia mbele, Dobi alitoa habari ndefu kuliko zote alizowahi kutoa maishani. Alimweleza kwamba ni mama mmoja, mkunga mstaafu, yuko peke yake, goti la kushoto bovu, atakomea kibanda cha kijito kwa sababu hawezi kupita hapo. Ana roho nzuri, ana dawa za kila namna na chakula cha siku tano, ukimsikiliza hutachoka. Kipara, aliyekuwa kimya, akauliza kama kuna wengine watakaolala pale. Dobi akasema hapana, kundi kubwa lilipita juzi.

"Mkimkuta mwambieni nimechelewa kidogo, nakuja," akaongeza.

Kijana akasema watamwambia, bila shaka. Akawatazama mafundi na mapanga yao, akawaaga vizuri kama alivyowasalimia. Chai walikataa.

Mafundi walishuka darajani. Dobi akabaki anaosha vikombe, moyo mwepesi, akirudia kichwani yale aliyoyasema. Alikuwa kwenye kikombe cha nne mikono yake ilipotambua jambo kabla yake, ikasimama ndani ya maji. Damu ya pua hudondoka. Huchafua kifua na mapaja. Madoa ya yule kijana yalikuwa upande wa nje wa mikono, yamepanda toka kiganjani hadi kiwikoni kama cheche, mikono yote miwili. Na soksi zake. Zilikuwa na tope jeusi peke yake. Mtu asiye na tope jekundu hakuianza njia mwanzoni, aliingilia bondeni. Na viatu vilikuwa vya mtu mwingine, visigino vimekanyagwa kwa nyuma kwa sababu miguu haikuenea.

Akajikaripia. Wewe kazi yako kuchungulia chupi za watu, akajiambia, sasa umegeuka askari. Akaosha kikombe cha tano na cha sita, akazibandua sufuria zote ukoko, akafagia hadi chini ya vitanda. Mtu asiyetaka kufikiri hapungukiwi na kazi. Saa moja na nusu ilipita hivyo.

Punda akaja peke yake, ndivyo alivyodhani mwanzoni. Juu ya punda alikuwa amelala kifudifudi mtunza kibanda cha sita, mzee aliyewapikia maharage jana yake. Mguu wake wa kulia ulining'inia na kugeukia upande ambao mguu haugeukii. Dobi alimshusha mgongoni kama furushi la mashuka mabichi, akamlaza kwenye benchi. Mzee akazungumza kwa meno yaliyobaki.

Walikuwa wawili. Walikula chakula chake na kumshukuru. Kisha mwenye kipara akamkumbatia kwa nyuma, na yule kijana akatoa nyundo ya kupasulia mawe, akamvunja goti kwa mapigo mawili bila hasira. Alimweleza, kama mwalimu, kwamba asiye na goti hapeleki habari. Akaongeza kwamba wametoroka gerezani na mwisho wa njia ni mpaka wa nchi. Bondeni walikuwa wamewakuta watembeaji wawili wakawafanyia hivyohivyo na kuwavua viatu, na mmoja aliendelea kuvuja damu mpaka akaisha. Mzee alijiburuta mpaka kwa punda tangu jua halijatoka.

Dobi akauliza, "Wanawake pia?"

Mzee akafumba macho. "Wana haraka, binti. Hawachagui."

Dobi alichana shuka, akaufunga mguu kwenye ubao wa kitanda huku mzee akiuma kamba ya shanta. Mzee alitaka asubiri, mafundi waitwe, waende wengi. Dobi akapiga hesabu kwa mara ya kwanza bila kutazama mikono yake. Kushuka darajani saa moja, kurudi saa moja, kisha mwendo wa saa tatu na nusu hadi kijitoni. Akampandisha mzee tena juu ya punda, mzee akapiga yowe kisha akatulia, na akamwelekeza mnyama kwenye njia ya daraja kwa kofi la matako. "Waambie waje kijitoni," alisema. Yeye akashika kijia cha mbuzi, njia ya mkato ambayo mafundi waliitaja walipokuwa wakinywa chai.

Kijia kile kilikuwa kimefungwa tangu mlima uporomoke. Kilikata kona yote kikapanda ukuta wa mwamba, saa mbili kama hujaanguka. Dobi alianguka. Jiwe lilimtoka mguuni akateleza kwa kifua mpaka kichaka kikamshika, shanta likaenda lenyewe chini likigonga mwamba, likigonga tena, halafu kimya. Kucha ya kidole cha shahada ilibaki kwenye mwamba. Alipanda tena. Hakuomba wala hakulia. Alikuwa akisema kitu kimoja kwa sauti, kila alipovuta pumzi: mimi ndiye niliyesema, mimi ndiye niliyesema.

Kibanda cha kijito kilikuwa chumba kimoja cha mawe, mlango mmoja, dirisha moja. Nje kulikuwa na kamba yenye mablanketi mazito ya kibanda, yameloa mvua ya usiku mpaka yamekuwa na uzito wa maiti. Mlangoni fimbo ya Mkunga ilikuwa imevunjwa vipande viwili. Toka ndani ilisikika sauti yake, ya chini, isiyo na haraka, ikimtuliza mmoja wa wanaume wale kama mzazi mwenye uchungu.

"Pumua, baba. Umezuia pumzi, ndiyo maana unatetemeka hivyo."

Kisha ulisikika mlio mfupi, kama tawi bichi likivunjika, na sauti ya Mkunga ikageuka kitu ambacho Dobi hakuwahi kukisikia kwa mtu mzima.

Wengine wangepiga kelele. Dobi hakujua kupiga kelele. Akavuta blanketi moja kutoka kambani, akalikumbatia, akaingia.

Aliona chumba chote kwa mara moja. Vitanda vya mbao ukutani. Jiko la chuma likiwaka, juu yake sufuria ya uji unaotokota. Mkunga alikuwa sakafuni, mgongo kwenye benchi, na kipara amemkalia mapaja kumshikilia. Kijana msafi alikuwa amepiga goti moja, nyundo mkononi, akijipanga kwa pigo la pili, na alikuwa amekunja mikono ya shati ili isichafuke tena. Alikuwa ameupa mlango mgongo.

Dobi alimfunika kichwa. Kabla hajaelewa kilichomwangukia, alizikusanya ncha za blanketi nyuma ya shingo yake akaanza kukamua. Ni kitu alichokifanya kila siku kwa miaka sita, mashuka arobaini kwa siku: mkono mmoja kuja, mkono mwingine kwenda, kiwiko ubavuni, uzito wote mgongoni. Maji yakatiririka kifuani kwa kijana. Nyundo ikaanguka. Akarusha miguu, akapiga teke jiko, akakwaruza mikono ya Dobi mpaka ngozi ikatoka, na Dobi akaongeza mzunguko.

Kipara akamwacha Mkunga akaiokota nyundo. Pigo la kwanza lilimpata Dobi mbavuni, akasikia kitu kikiachia ndani. La pili lilitua kwenye mkono wa kushoto, vidole viwili vikapinda, akaendelea kushika kwa vitatu. Kipara akainua la tatu, la kichwa. Lakini Mkunga alikuwa amejisukuma kwa viwiko hadi kwenye jiko lililoinama. Aliishika sufuria kwa mikono mitupu, akasikia ngozi yake ikiungua, akamrushia uji usoni.

Uji si maji. Maji hutiririka yakaenda zake. Uji ulimganda machoni, puani, mdomoni, na kadiri alivyoupangusa ndivyo alivyoisogeza ngozi. Alilia kama ndama. Akaugonga ukuta, akaupata mlango, akakimbia kuelekea sauti ya maji, kwa sababu kila aliyeungua hukimbilia maji. Kijito kilikuwa chini ya ukingo wa mawe wenye kimo cha watu watatu. Walimsikia akikoma kulia.

"Mwachie," alisema Mkunga. "Mwachie sasa. Wewe, mwachie."

Dobi hakuwa anasikia. Aliendelea kukamua hadi Mkunga alipomshika kifundo cha mguu na kumvuta. Kijana akaanguka kama nguo. Mkunga akaamuru afunuliwe, ageuzwe ubavu, ulimi uvutwe mbele, na Dobi akatii kila neno. Uso ulikuwa wa zambarau. Baadaye kidogo kifua kikapanda, kikashuka, kwa mluzi wa mlango mbovu. Macho yalifunguka yakatazama dari. Alijaribu kusema, koo halikutoa kitu. Dobi akamfunga mikono na miguu kwa kamba ya kuanikia.

Akashuka kijitoni. Kipara alikuwa amelala kichwa chini, miguu juu ya jiwe, maji yakimpita mdomoni. Dobi alirudi akasema hapumui. Mkunga akasema basi, kwa namna ambayo mtu husema mvua imekatika.

Alikuwa amevunjwa goti zima, lile la kulia. Alimwelekeza Dobi alinyooshe, aliwekee mbao, alifunge, akimweleza kila hatua kwa sauti ya kazini huku jasho likimtoka kama mzazi wa mimba ya kwanza. Viganja vyake vilivyoungua akaviweka kwenye bakuli la maji ya kijito. Kulikuwa na mluzi wa yule kijana tu, na moshi wa jiko lililoinama.

"Walipobisha waliniita Mkunga," alisema hatimaye. "Walijua goti langu. Walisema umewatuma wanisaidie, wewe umechelewa kidogo, unakuja. Ndiyo nikafungua." Akaugeuza uso kumtazama. Macho yake yalikuwa yamejaa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomuuma Dobi kuliko mbavu. "Walikupiga sana, mwanangu, mpaka ukasema?"

Hakukuwa na shahidi. Mmoja alikuwa kijitoni, mwingine hana koo. Mafundi walikuwa wakinywa chai yao, hawakusikiliza. Na Dobi alikuwa na mbavu zilizovunjika, vidole vilivyopinda, ngozi iliyochunika mikononi. Mwili wake wote ulikuwa jibu. Hakutakiwa hata kufungua mdomo, alitakiwa kuinamisha kichwa tu, jambo alilolijua kuliko yote.

"Hawakunigusa," alisema. "Waliniuliza vizuri. Nikawajibu." Akaendelea, kwa sababu akinyamaza hapo asingeanza tena. "Niliiona damu kwenye shati lake. Nilimfundisha jinsi ya kuifua. Nikamwambia uko peke yako, nikamwambia goti, nikamwambia hakuna wengine. Alinisifu, mama. Nilifurahi. Halafu nilipoanza kushuku nikaosha vikombe saa moja na nusu."

Mkunga alivigeuza viganja vyake ndani ya bakuli. Nje mablanketi yaliyobaki yalipigwa na upepo.

"Sitakuambia si kitu," alisema. "Wanawake wanapoletwa kwangu sijawahi kumwambia hata mmoja kwamba haitauma. Ni kitu. Nilikuwa na goti moja zima, nalo limekwenda."

"Ndiyo, mama."

"Na huyu aliyefungwa angenimaliza kama usingekuja. Hilo nalo ni kitu. Sijui yanajumlishwaje, usiniulize leo."

Hakumwita mwanangu. Dobi alilisikia hilo pengo kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akakaa ukutani, mahali ambapo aliweza kumwona kijana na Mkunga pia, akangoja.

Mafundi walifika alasiri, wote sita, wanahema, mapanga mikononi; mzee walikuwa wamemlaza kwanza kibanda cha saba. Mkubwa wao akamtazama aliyefungwa, akatazama damu sakafuni, akauliza nani ataeleza. Mkunga akafumba macho. Dobi akasimama akaeleza, toka mwanzo, hakuruka mahali, na aliposema ni yeye aliyewapa habari, fundi mmoja akasonya na kugeukia dirishani. Dobi akamalizia hata hivyo.

Walikata miti miwili, wakafanya machela kwa blanketi. Mafundi wanne wangebeba, wawili wangemwongoza mfungwa kwa kamba. Lakini njia ya kuteremka hadi kwenye barabara ilikuwa ya mawe, na goti lile, alisema Mkunga, lingehitaji mtu wa kulishika pande zote mbili, lisicheze, saa tano nzima. Fundi aliyesonya, mmoja wa wale wa kamba, akajitolea. Alikuwa na mikono mikubwa kama majembe.

Mkunga akamtazama mikono, akatikisa kichwa. Akanyoosha kiganja chake kilichofungwa kitambaa kumwelekea Dobi.

"Yeye."

Fundi akasema binti ana vidole viwili vilivyovunjika, hata kikombe hawezi kushika. Mkunga akasema aliviona vidole hivyo vikivunjika, na vilivyobaki aliviona vikishika. Dobi akaja, akapiga magoti kando ya machela, akaweka kiganja kizima chini ya goti na kibovu juu yake. Wanaume wakahesabu mpaka tatu, wakainua. Mkunga akauma meno.

"Ukichoka, sema," alimwambia, wakianza kuteremka. "Usininyamazie."